Anga Nayo Ina Mlango: Adabu ya Mgeni Juu ya Masasi na Newala



Mwezi huu twapenda kuwachukua kusini kabisa mwa Tanzania, katika wilaya za Masasi na Newala, na tutawapeleka kwa njia ya angani. Ndege tutakayoifuata si ile kubwa ya abiria mia, yenye mapazia na vinywaji, bali ni ile ndogo ya injini moja, ichukuayo watu watatu au wanne, na rubani wake ni mgeni aliyetoka nchi nyingine. Tumeichagua safari hii kwa sababu watu wengi, na hasa vijana wetu, hudhani kuwa mwenye mabawa hana haja ya kubisha hodi. Huona kuwa mito, milima na mipaka ni taabu ya waendao kwa miguu, na kwamba arukaye huipita yote bila kumwomba mtu ruhusa. Tulipolichunguza jambo hili tuliona kinyume chake. Rubani mgeni ana masharti mengi kuliko mgeni mwingine yeyote, na mengi katika masharti hayo yafanana sana na adabu ambazo wazee wetu walitufundisha mlangoni pa nyumba ya mtu.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Mwenye kwenda Masasi kwa barabara kutoka Dar es Salaam husafiri yapata kilomita 600, akipitia Kibiti na Lindi. Zamani safari hiyo ilikuwa mtihani, maana mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko, na masika yakishika watu walikaa ng'ambo wakingojea. Mwaka 2003 lilifunguliwa daraja kubwa la Rufiji, lenye urefu wa mita 970, likapewa jina la Rais Benjamin Mkapa, ambaye mwenyewe ni mzaliwa wa Lupaso katika Masasi. Lakini ndege huenda moja kwa moja, na kwa mstari ulionyooka masafa hayo hushuka yakawa kama kilomita 430, karibu sawasawa kuelekea kusini.

Masasi hujitambulisha mapema kwa mgeni wa angani. Katika tambarare ile yenye miti na mashamba huinuka majabali makubwa ya mawe matupu, yaliyo mviringo na yenye kung'aa baada ya mvua, na mji umekaa katikati yake. Rubani ayaonapo hujua alipo. Lakini akigeuka kwenda kusini-mashariki, kuelekea Newala, alama hizo humtoka. Hapo huanza nyanda za juu za Wamakonde, ambazo zimeinuka taratibu kutoka upande wa bahari hata kufikia zaidi ya mita 600 pale Newala, kisha zikakatika ghafula kwa ukingo mkali unaotazama bonde la mto Ruvuma. Juu ya nyanda hizo ardhi ni ya mchanga, na maji ya mvua huzama yasifanye mito. Kwa ajili hiyo wanawake wa Newala waliteseka miaka mingi kwa kushuka mabondeni na kupanda tena na mitungi kichwani, mpaka katika miaka ya 1950 ulipoanzishwa mradi wa kusukuma maji kutoka chini kuyapeleka juu. Ukosefu huo huo wa mito humtaabisha rubani kwa namna yake: hana mto wa kuufuata wala ziwa la kulinganisha na ramani, ila mikorosho na vichaka vilivyofanana hata upeo wa macho.

Pale Newala pana mahali ambapo wenyeji wamepaita Shimo la Mungu. Ukisimama hapo, ardhi huisha mbele ya miguu yako, na chini kabisa waona bonde na misitu iendayo mpaka Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Mandhari hayo humfanya Mwislamu amtukuze Muumba wake. Lakini kwa rubani ni mahali pa kuwa macho. Upepo ukiupiga ukingo kwa mbele huinuka na kuinyanyua ndege; ukiwa wavuka ukingo na kumwagika upande wa pili, huivuta ndege chini kwa nguvu. Mabaharia wetu wajua kusi na kaskazi kwa matanga yao. Kusi huvuma toka kusini-mashariki katika miezi ya katikati ya mwaka, na kaskazi huja baadaye kutoka upande wa kaskazini-mashariki. Mgeni aliyejifunza kuruka katika nchi ya baridi hana majina hayo, lakini akiutazama ukingo wa Newala bila kujua ni upepo gani wa msimu, ni kama nahodha aliyeingia mlango wa bandari asijue maji yajaa au yatoka.

Juu ya upepo pana joto. Hewa ikipata joto hutawanyika ikawa nyepesi, na bawa hupata kidogo cha kushikilia. Injini nayo huvuta hewa nyepesi ikapungukiwa nguvu. Kwa hiyo ndege ile ile iliyopaa upesi kule kwao asubuhi ya baridi, huku saa nane mchana katika kiwanja kidogo cha udongo hukimbia masafa marefu zaidi kabla ya kuinuka, na mabawa yake hupanda kwa uvivu. Wenyeji wa kazi hiyo husafiri asubuhi na mapema. Mgeni mwenye kiburi hushindana na jua, na aghalabu jua ndilo lishindalo. Kadhalika, mwishoni mwa kiangazi watu huchoma mashamba yao, na moshi hutanda hata majabali ya Masasi yakaonekana kama vivuli tu. Halafu huja mvua, ambayo katika nchi hiyo hunyesha tangu karibu na mwisho wa mwaka hata mwezi wa Aprili au Mei, na kiwanja cha udongo kilichokuwa kigumu jana huweza leo kuyashika magurudumu.

Katika mambo yamtatizayo mgeni, pana moja ambalo lilituchekesha, kisha likatutia fikira: nalo ni saa. Marubani wa dunia nzima hutumia saa moja ya ulimwengu, ili pasiwe na tofauti baina ya nchi na nchi, na saa ya Tanzania imeitangulia hiyo kwa saa tatu. Sasa mwenyeji wa Masasi akimwambia mgeni, "Tutaonana kiwanjani saa tatu asubuhi," saa ya mkononi ya mgeni, iliyotengenezwa kwa hesabu ya Kizungu, huonyesha tisa, na katika daftari lake la safari ataandika sita. Tatu, sita na tisa, na zote ni wakati mmoja! Asiyeuliza atafika kiwanjani wakati watu wamekwisha kwenda zao. Tena jambo hili si la kuchekwa tu, maana viwanja vidogo havina taa, na sharti ndege itue kabla ya giza. Katika nchi yetu jua likishazama giza huingia upesi, si kama Ulaya ambako mwanga hubaki muda mrefu wakati wa kiangazi chao. Mwenye kukosea hesabu ya saa hufika juu ya kiwanja asikione. Sisi tunaojifunza tangu utoto kuchunguza adhuhuri, alasiri na magharibi twapaswa kuelewa kuliko wengine kwamba wakati ni amana.

Vipimo navyo ni hivyo hivyo. Kimo cha ndege huhesabiwa kwa futi, urefu wa kiwanja kwa mita, na masafa kwa maili za baharini, ambayo kila moja ni mita 1,852. Rubani wa Marekani amezoea kupima uzito wa hewa kwa inchi za zebaki, ambapo kipimo cha kawaida ni 29.92, huku ataambiwa kwa hektopaskali, ambapo kipimo hicho hicho ni 1013. Akikosea hektopaskali moja tu, chombo chake cha kupimia kimo humdanganya kwa futi kama 27, na akikosea kumi, ni kama futi 270, kiasi kinachotosha kumfikisha kwenye jabali alilodhani yu juu yake. Mafuta pia yana hila. Galani ya Marekani ni karibu lita 3.8, na ya Kiingereza ni lita 4.5, na huku mafuta huuzwa kwa lita. Tena ndege nyingi ndogo hutumia petroli ya namna yake, isiyopatikana katika kila kiwanja, wakati ndege kubwa hutumia mafuta ya jamii ya taa. Mwenye kwenda Masasi hana budi achukue ya kwenda na ya kurudi, na akiba juu yake. Wazee walisema kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Rubani naye sharti ayafikirie marejeo kabla ya kupaa.

Sasa tuje kwenye hodi yenyewe. Katika Sura ya An-Nur waumini wamefundishwa wasiingie nyumba zisizo zao mpaka waombe idhini na kuwasalimu wenyewe, na wakiambiwa warudi, basi warudi. Mataifa ya dunia yalipokutana Chicago, wakatia sahihi mapatano yao tarehe 7 Desemba 1944, jambo la kwanza waliloliandika ni kwamba kila dola ina mamlaka kamili juu ya anga lililo juu ya ardhi yake. Yaani nyumba haina paa lililo wazi kwa kila apitaye. Kwa hiyo ndege itokayo nje sharti ipate ruhusa, itue kwanza katika kiwanja kikubwa chenye maofisa wa forodha na uhamiaji, na ichukue hati zake zote. Rubani mgeni hawezi kuichukua ndege ya Tanzania na kuirusha kwa leseni ya kwao tu. Yapasa Mamlaka ya Usafiri wa Anga iitazame leseni hiyo na kuikubali. Hata ndege yenyewe imeandikwa kabila lake ubavuni: ya Tanzania huanza kwa 5H, ya Kenya 5Y, ya Uganda 5X, na ya Msumbiji C9. Mwenye darubini aliye chini amtambua mgeni kwa herufi hizo kama tunavyomtambua mtu kwa lafudhi yake.

Juu ya Newala sheria hii haibaki katika karatasi. Ruvuma yaonekana nyembamba kutoka angani, na ndege ndogo huivuka kwa dakika moja au mbili. Lakini huo ni mpaka wa nchi mbili, na ng'ambo yake, katika jimbo la Cabo Delgado, pameingia vita na maafa tangu mwaka 2017. Walinzi wa mipaka hawawezi kujua kwamba ndege isiyotoa habari ni ya mtalii apigaye picha. Mgeni mwenye busara hugeuza ndege yake kabla ya mto, na hutoa habari kwa simu ya upepo kila afikapo mahali palipopangwa.

Historia ya nchi hiyo inatuonyesha mgeni wa angani aliyekuja bila hodi. Katika Novemba 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck lilikuwa limesukumwa mpaka katika nyanda za Wamakonde. Wajerumani wa Ulaya wakatengeneza chombo kikubwa cha angani kilichojazwa gesi, kiitwacho L 59, chenye urefu wa mita 226. Tarehe 21 Novemba kikaondoka Jamboli, katika nchi ya Bulgaria, na watu 22 na mizigo ya tani kama 15: risasi, silaha na dawa. Hakikutazamiwa kurudi, kitambaa chake kingekatwa kuwa mahema na mabomba yake kuwa milingoti. Kikavuka bahari na jangwa la Misri. Mchana jua liliipasha gesi moto, usiku ikapoa na chombo kikashuka hata kikakaribia kuanguka. Kilipofika karibu na Khartoum, tarehe 23 Novemba, kikapata amri kwa simu ya upepo kirudi, kwa kuwa mahali pa kutua pamekwisha kushikwa na Waingereza. Kikarudi mpaka Jamboli tarehe 25 Novemba, baada ya saa 95 angani na safari ya kilomita zaidi ya 6,700. Siku hiyo hiyo jeshi lile, lililokwisha kupita Newala, lilikuwa likivuka Ruvuma.

Wataalamu husifu safari hiyo kwa masafa yake, nasi hatuikani sifa yao. Lakini tumfikirie mtu wa Newala wakati ule. Vita havikuwa vyake. Chakula chake kilichukuliwa na majeshi ya pande zote mbili, na wapagazi wa Kiafrika walikuwa wakifa kwa maelfu njiani. Hakuna aliyemwuliza kama alimtaka mgeni yule na risasi zake. Kutofika kwake kulikuwa kheri.

Mgeni wa pili tutakayemtaja hakutua Masasi, bali kaskazini mwa nchi hii hii, naye alikuja kwa ruhusa na kwa mapenzi. Mwishoni mwa mwaka 1957, Profesa Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliruka kutoka Ujerumani katika ndege yao ndogo, Dornier Do 27, iliyopakwa mistari kama punda milia, wakaenda kuhesabu wanyama wa Serengeti. Kazi yao ilisaidia sana kuihifadhi mbuga ile. Lakini tarehe 10 Januari 1959 ndege hiyo, ikiwa na Michael peke yake, iligongana na tai, ikaanguka, na kijana yule akafa akiwa na umri wa miaka 24. Kaburi lake liko ukingoni mwa Ngorongoro. Ndege wa Mwenyezi Mungu walikuwa angani kabla ya ndege za chuma, nao hawajui ramani zetu. Hata juu ya majabali ya Masasi hewa ya moto ipandapo mchana, mwewe na tai huizunguka. Rubani akiwaona hujua kuwa hapo pana hewa ipandayo, na pana hatari pia.

Mgeni wa tatu ndiye yule ambaye wazee walimkusudia waliposema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mwaka 1957 madaktari watatu wapasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, walianzisha huduma ya madaktari warukao katika Afrika ya Mashariki, ambayo leo ni shirika la Amref. Fikira yao ilikuwa nyepesi: mgonjwa aliye mbali asingoje barabara, bali daktari amwendee kwa ndege ndogo. Kwa mama aliye katika uchungu wa kuzaa, au mtoto aliyevunjika, siku moja ya barabara mbovu yaweza kuwa tofauti ya uhai na mauti. Hapo ndipo kiwanja kidogo cha udongo, ambacho kwa wiki nyingi hakioni ndege, huwa na thamani kuliko jumba la ghorofa.

Na hapa twageuka kwa wenyeji, kwa sababu adabu ni ya pande mbili. Kiwanja kisichotumika hugeuka njia ya baiskeli na malisho ya mbuzi. Katika viwanja vingi vya namna hiyo hapana mnara wa kuongozea, wala mtu wa kumjibu rubani. Yeye huzunguka mara moja kwa chini ili atazame kama pana kitu, huangalia mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo uendako, ndipo hutua. Basi wazazi wa vijiji vyenye viwanja wawafundishe watoto: ndege ikizunguka juu, ondoeni mifugo, tokeni njiani, simameni mbali. Na ikishatua, msiikimbilie, maana rafadha, lile pangaboi la mbele, likizunguka kwa kasi halionekani, na humkata mtu asijue limetoka wapi. Mwenye kuondoa jiwe katika kiwanja hicho huenda amemwokoa mtu asiyemjua, na Mtume wetu, Swalla Llahu alayhi wa sallam, alihesabu kuondoa udhia njiani kuwa ni katika imani.

Kwa vijana tuna neno. Neno "rubani" lenyewe ni la bahari kabla ya kuwa la anga. Babu zetu wa pwani walimwita hivyo mwenye kukiongoza chombo katika maji asiyoyajua mgeni. Na katika Andalusia, karne ya tisa, Abbas ibn Firnas wa Cordoba alijifanyia mabawa akajirusha. Wasimulizi waeleza kuwa alielea hewani, lakini aliumia alipotua, kwa sababu hakujifanyia mkia. Alijua kupaa, lakini hakuwa amejifunza vya kutosha kutua. Elimu ya hesabu, ya hewa na ya ramani haiko mbali na dini yetu. Ushahidi uko pale pale Newala. Mji huo na Makka tukufu vipo karibu katika mstari mmoja wa kaskazini na kusini, hata kibla cha Newala kimepotoka digrii moja tu kuelekea mashariki ya kaskazini ya kweli, na masafa yake ni kama kilomita 3,600. Rubani Mwislamu atokaye Newala kwenda Masasi na kwingineko huijua kibla kwa dira yake, ilimradi akumbuke kuwa sindano ya dira nayo hupotoka digrii chache na yapasa kusahihishwa. Naye ni msafiri. Safari yake ikitimia masafa waliyoyaeleza maulamaa, ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya Sala, asije akaiharakisha ndege kwa kuikimbilia Sala, wala kuiacha Sala kwa ajili ya ndege.

Basi, ndugu zetu, ndege imefupisha njia, lakini haikuufuta ugeni. Mwenye kuingia nchi ya watu, kwa mguu, kwa jahazi au kwa mabawa, aombe idhini, aulize saa ya wenyeji, ajifunze upepo wao, na asiache madhara nyuma yake. Na mwenyeji naye amsafishie njia. Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu wa nchi kavu, wa baharini na wa angani, na awarudishe salama kwa ahali zao.

Wabillahi tawfiq.